Breki ya Kushoto Ilikuwa Nzima

Kaka Balume,

Breki ya kushoto ya katapila la Mushaki haikuwa na ugonjwa wowote. Amesema hivyo Papa Muhindo, fundi aliyeletwa kutoka Butembo na mwenye mashine, Jumanne iliyopita, mbele yangu na mbele ya watu wengine wanne. Alifungua kifuniko kilicho nyuma ya kiti, akaingiza mkono, akautoa mkavu.

"Mafuta iko wapi?" aliniuliza; breki yeye huiita freni. "Mulisema mafuta inaingia mu freni. Shika mwenyewe."

Nilishika. Mkanda wa breki ulikuwa mnene na mkavu. Nati ya kuukaza ilikuwa imelegezwa hadi ikabaki kwenye nyuzi za mwisho. Ya upande wa kulia ilikuwa imekazwa vizuri. Papa Muhindo alikaza ya kushoto mpaka ikagoma, akairudisha nyuma mzunguko mmoja na nusu, akapanda. Alivuta fimbo ya kushoto, akakanyaga kanyagio la kushoto, na mashine ikageuka pale pale iliposimama. Kazi yote haikufika nusu saa. Mimi, tangu ulipoiacha mashine hiyo, nilikuwa nimetangaza redioni kwa miezi kwamba imesimama kwa sababu breki inasubiri vipuri kutoka ng'ambo.

Aliyeniambia hivyo, siku ya kuondoka, ni wewe. Sikutafuta mtu wa pili wa kuthibitisha, kwa sababu ulikuwa wewe.

Unakumbuka ulivyonifundisha kule Ngungu, kabla sijashika kinasa sauti? Nilikuwa ninakubebea spana, na hukuniruhusu kufungua chochote kabla ya kueleza ninatafuta nini. "Usilaumu freni mbele ya kuangalia klachi," ulikuwa unasema. Tulipeleka mashine mahali tambarare. Ulivuta fimbo moja bila kukanyaga: mashine ikienda polepole upande ule, klachi inaachia, haina kosa. Halafu ukakanyaga. Kanyagio likiingia mpaka chini bila kushika, tazama nati kwanza, maana pengine mkanda umelegea tu. Likishika gumu lakini mashine haigeuki, hapo ndipo utafute mafuta yaliyovuja kwenye mkanda. Jambo jepesi kwanza, jambo la gharama mwisho. Nimefanya kazi ya uandishi kwa utaratibu huo. Nimewauliza maofisa na wafanyabiashara maswali kwa mpango ule ule, nati kwanza. Wewe peke yako sikukuuliza.

Hata ushahidi nilikuwa nao. Siku ile ulinipakia tukateremka kilima cha juu ya Mushaki, nilikuona ukivuta fimbo ya kulia, na mashine ikaenda kushoto. Nikakuuliza. Ulicheka. "Mashine ya zamani iko na akili yake, mudogo. Inanijua miye tu."

Niliandika maneno hayo na kuyasoma hewani. Wasikilizaji waliyapenda. Sasa Papa Muhindo amenieleza kwamba hakuna akili yoyote pale. Kwenye mteremko mashine inasukumwa na uzito wake. Ukiachia klachi ya kushoto bila breki ya kuushika mnyororo, mnyororo wa kushoto unakimbia na mashine inageukia kulia. Dereva anayejua kwamba breki ya kushoto haishiki anavuta kinyume. Dereva asiyejua anakwenda shimoni.

Furaha hakujua. Yeye ni binti wa wafugaji wa Mushaki, aliyejifunza kuendesha katapila Goma, na mwenye mashine alimchukua awe dereva wa pili ili barabara ya Ngungu imalizike kabla ya mvua. Asubuhi ya kwanza uliyomkabidhi mashine, nilikuwepo. Ulimwonyesha mafuta, maji, betri, na blade, lile bamba la kusukumia udongo. Hukumwambia lolote juu ya breki. Alipofika kwenye mteremko alivuta kushoto na kukanyaga kushoto, kama anavyofanya dereva yeyote. Mashine ikaenda kulia, ikaingia mtaroni, blade ikazama kwenye udongo. Yeye aliruka na kuvunjika kifundo cha mkono.

Wauza maziwa waliokuwa wanapita walisimama kutazama.

"Eee, dada! Kushoto ni mukono gani?"

"Mumupe sahani ya bugali, ajue mukono ya kuume iko wapi!"

"Muache, mama. Ngombe zinamungojea, zile haziko na fimbo mbili."

Wewe ulikuwa umesimama karibu yangu. Hukucheka. Wakati huo nilidhani ni huruma. Furaha alikuwa amekaa chini, ameushika mkono wake, akanitazama mimi mwenye kinasa sauti. "Kaka, pedale iliingia mpaka chini. Andika ile."

Nikageuka kukuuliza. "Ni woga," ulinijibu. "Alikanyaga na woga."

Jioni ile nilisoma kwamba dereva mpya alichanganya pande. Kanyagio sikulitaja. Furaha aliachishwa kazi siku hiyo hiyo, na tangu hapo kuna watu sokoni Mushaki wanaomwita Kushoto-Kulia. Wewe ulibaki peke yako juu ya kiti mpaka ulipopata mashine nyingine Kibua, ukaenda. Ile ya Mushaki uliiacha jinsi ilivyokuwa. Hata siku ya kuondoka hukuikaza nati.

Nilikupigia Jumatano, na ulipokea. Ninayaweka hapa maneno yako kama ulivyoyasema, kwa kuwa nilikuambia mwanzoni kwamba ninarekodi.

"Njo miye nilifungua ile nati," ulisema. "Balishaleta mutu wa kunifukuza. Mutu ingine akiweza ile mashine, miye niko nani?"

Nikauliza: na Furaha?

"Hakukufa."

Nikauliza kwa nini ulinidanganya mimi.

"Wewe uko mudogo yangu ao uko mujournaliste?"

Simu ikakatika. Nimepiga tena mara nyingi, na haiiti.

Kaka, woga wako ninauelewa. Mtu aliyekaa juu ya mashine moja tangu ujana, kisha akaona kiti kinaandaliwa kwa mwingine, anaweza kufanya jambo baya. Lakini nati peke yake isingemwangusha Furaha mara mbili. Mara ya kwanza aliangushwa na breki. Mara ya pili aliangushwa na sauti yangu, na wewe ulijua kwamba nitaitoa bila kuchunguza, kwa sababu ulinilea. Ulinitumia. Hilo ndilo nisilojua pa kuliweka.

Juzi nilikwenda kwao Furaha. Alikuwa anakamua, mkono umepona ingawa haukunjiki vizuri. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakulia, wala hakunitukana. Alimaliza kumkamua ng'ombe aliyekuwa naye, akafunika ndoo.

"Redio itasema siku gani?"

"Jumatatu."

"Na sauti yako mwenyewe? Hawatamupa mutu ingine asome?"

"Na sauti yangu."

"Basi nitafungua redio kwa nguvu, majirani basikie."

Mkuu wangu wa redio amenishauri nikuite "dereva wa zamani" na kuishia hapo. Amesema ndugu hasomwi hewani. Nimekataa. Jina la Furaha nililisoma lote, la ukoo na la ubatizo, na yeye hakuwa na kosa.

Kama una la kujibu, bado una nafasi, sawa na ninavyompa kila mtu. Nimemwachia katekista wa Kibua ujumbe, na simu yangu iko wazi hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni. Utakachosema nitakisoma bila kukipunguza. Ukinyamaza, nitasema kwamba ulitafutwa. Masahihisho yanasomwa Jumatatu saa moja asubuhi. Alhamisi saa tatu Furaha atapanda mashine tena, mbele ya mwenye mashine na Papa Muhindo, ateremshe kilima kile, na akifika chini salama kazi ni yake.

Ubaki na afya huko Kibua.

Mimi, mdogo wako wa tumbo moja