Herufi K ya Beda

Magomeni, Kilosa

Dada Letisia,

Shikamoo. Najua hulali, kwa hiyo kabla sijakuuliza lolote nianze na hili: Beda hajaua mtu. Yuko hapa kwangu, amelala kwenye kochi, miguu inaning'inia nje, anakoroma. Sasa kaa unywe chai, kisha uniambie magoti yanaendeleaje na kama shemeji hajambo. Sisi wazima.

Najua ulichosikia huko Mwanza: mdogo wetu amemchinja Masai shambani. Aliyeianzisha habari hiyo ni Evance, jirani yangu mwenye duka. Juzi Beda alimpigia kutoka bondeni, upande wa Mikumi, mtandao ukikatakata, kisha simu ikazima. Evance akafunga duka, akatangaza mtaa mzima. Hakuna aliyeuliza mara mbili! Hilo ndilo linaloniudhi, dada. Habari ya namna hii huku kwetu haihitaji shahidi, maana wakulima na wafugaji kila upande umeshaiandaa kichwani, limebaki jina tu la kujaza.

Nikakodi pikipiki mbili, moja yangu, moja ya Evance, maana sikumwacha. Tulikuta habari imetutangulia, na ofisi ya kijiji anakolima Beda imezingirwa. Wafugaji na fimbo zao huku, wakulima na mapanga kule, mtendaji katikati analowa jasho. Mzee Lekishon, anayemuuzia Beda maziwa, alikuwa anapiga simu tena na tena. Mwanawe Sembeyu alikwenda mnadani asubuhi, na simu yake haikupatikana. Beda naye haonekani. Mama mmoja wa upande wetu akaropoka kwamba wafugaji wamezidi, acha wajue. Nikamwambia afunge mdomo au niufunge mimi.

Mtendaji akamtaka Evance aseme alichosikia. Akasema Beda alimwambia: Masai kavunjika mguu, nimemchinja. Nikamuuliza kama ndiyo yote. Akainama. Nikambana, ndipo akatoa, kwa sauti ya mtu anayetubu, kwamba Beda alimalizia hivi: njoo na chumvi, paja moja nimekuwekea.

Watu wakashika vichwa. Mimi nikapiga ukelele: maksai! Nikapanda juu ya benchi. Nikawaambia maksai ni ng'ombe dume aliyehasiwa ili akokote plau bila vurugu. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni hiyo hiyo, aliyehasiwa, na hiyo "hasi" yetu ni ndugu yake wa tumbo moja. Nikawaambia wamezoea matrekta ya kukodi mpaka neno limewafia mdomoni, na sasa wanataka kuuana kwa ajili ya herufi k!

Mzee Lekishon akaniuliza taratibu kama nina hakika. Kabla sijajibu, Beda huyo anakuja na baiskeli, damu mpaka viwikoni. Mapanga na fimbo vikainuka. Kisha watu wakaona kwato nyuma ya baiskeli. Beda akauliza nani amefiwa.

Haukupita muda Sembeyu akapiga simu kutoka mnadani, akitaka kujua kwa nini anatafutwa na ukoo mzima. Mzee akakaa chini hapo hapo kwenye vumbi. Alipopata pumzi akamwambia Evance kwamba ng'ombe huhasiwa huku chini, lakini yeye wamemhasi masikio. Dada, walicheka hata wenye mapanga! Akampa Beda pole ya kufiwa kabisa, akaahidi kumwazima maksai wake mpaka amalize kulima.

Lakini liko moja ninalokwambia wewe peke yako. Njiani, nyuma ya pikipiki, nilikuwa naandika kwenye simu makala ya gazetini ya kumtetea Beda. Niliandika kwamba mkulima akichokozwa kupita kiasi, lawama si zake. Mimi, ninayejua maksai ni nini, sikutafuta kosa katika neno. Nilitafuta sababu ya kuua. Nilimwamini Evance kama wale wote niliowafokea. Mzee Lekishon aliponishika mikono miwili kunishukuru, makala ilikuwa bado mfukoni mwangu. Nimeifuta. Beda ameambiwa na Evance kwamba njia nzima nilikuwa naandika, akaniuliza nini. Nikamwambia ni barua ya dada.

Basi ndiyo hii, nisiwe mwongo.

Beda ameamka, anakuamkia. Evance naye anaomba usimpigie kumtukana; anasema sasa anasikia vizuri. Msalimie shemeji, na mtoto Loveth umbusu.

Mdogo wako,
Perpetua