Shingo ya Numbi

Bruxelles, 10 Machi 1996

Mdogo wangu mpenzi Berthe,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na shemeji na wote wa nyumbani hapo Lubumbashi. Je, mgongo unakuacha ulale? Sisi tuko, na baridi iko; tumezoeana kama wapangaji wa nyumba moja. Barua hii anaileta Séraphin mkononi, maana posta yetu unaijua. Usishangae mistari yangu ikipanda na kushuka, nitakueleza.

Kwanza kitambaa. Nilikwenda Chaussée de Wavre kwa Maman Mathilde kutafuta kile cha sare ya familia, kwa sherehe ya mwanao. Aliposikia nataka cha kuvisha ukoo mzima alicheka, akauliza kama mimi, papa mzee, ninaoa tena. Nikamwambia mpwa wangu Ghislain anacheza mpira wa Kimarekani chuoni kule Marekani, na mwezi wa nne tunangoja achaguliwe. Akasema basi nisisahau kumkatia na yeye. Hadi leo sijakinunua.

Bon, nikueleze uchaguzi huo, maana najua hapo mtaani wanadhani ni kama kufaulu mtihani. Mara moja kwa mwaka timu kubwa za kulipwa hukaa pamoja na kuchukua vijana wa vyuo, kila timu kwa zamu yake. Vijana ni maelfu, nafasi ni chache. Kwa hiyo hutuma kwanza watu wa kupima mbio, mikono na moyo. Ghislain ni mpokeaji: anakimbia pembeni, anamwacha mlinzi wake, kisha anadaka mpira uliorushwa kutoka mbali akiwa bado mbioni. Asipoudaka, mbio zake ni bure.

Kaseti alizonitumia nilizipeleka kwa Bwana Keller, mwalimu Mmarekani wa hapa, aliyecheza mchezo huo ujanani. Mwanzoni alipiga makofi, akasema kijana ana miguu ya paa. Kisha akawa anarudisha kaseti, anaisimamisha, anairudisha tena. Mpira ukija kutoka kulia, Ghislain anaudaka kama mama anayepokea mtoto. Ukija kutoka kushoto, unampiga begani ndipo anashtuka. Keller aliniambia kwa upole kwamba wapimaji watasema ni mwoga, na mwoga hachaguliwi hata akiwa na mabawa.

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Kila mara kabla ya kuanza kukimbia, mwanao aligeuza shingo nzima kushoto, polepole, kama bundi. Unakumbuka ulichoniandikia alipokuja likizo? Ulisema mezani anageuza shingo sawasawa na Papa Numbi, baba yetu, akitafuta sahani ya sombe iliyo karibu na mkono wake, na kwamba mlicheka hadi machozi, mkashukuru kwamba jina la Numbi limempata mwenyewe. Nami huku nilifurahi. Kwetu, mtoto aliyepewa jina la mzee akionyesha ishara za mzee, nani atamwita daktari? Tulishangilia, Berthe. Papa aligeuza shingo kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa, na baadaye la kulia likalifuata.

Nilimpigia Ghislain simu. Alinitania, akasema tonton umekuwa kocha lini. Nikamwuliza mpira wa kushoto anauonaje. Mwishowe alisema mpira wa kushoto hauji, unatokea tu, kama mwizi. Sasa amepimwa. Jicho la kushoto linaona mwanga tu; la kulia limeanza. Matone ya dawa yanaweza kuchelewesha, lakini kilichopotea hakirudi. Mchezo ameacha. Alishindwa kukuambia, akaniomba mimi mjomba wake nibebe neno hilo.

Utauliza nilitambuaje kwa kaseti tu. Mdogo wangu, jioni ile Keller aliniwekea kahawa upande wa kushoto, nami nikageuza shingo nzima kuitafuta. Daktari wangu wa Berchem aliniambia tangu Novemba kwamba ugonjwa huu wa macho hupita katika damu. Ndiyo sababu ya mistari hii.

Wasalimie wote, na waambie sare haitashonwa. Na wewe, kabla ya kulia, funika jicho moja, utazame mlango. Kisha funika la pili. Unijibu kwa mkono wa Séraphin akirudi. Usinifiche.

Mimi kaka yako,
Éliézer