Bendeji za Miguu ya Mama

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako unaijua mwenyewe huko Tabora ulikokimbilia.

Unakumbuka ulivyonifunza kufunga bendeji? Barazani kwetu Temeke, mguu wangu juu ya paja lako, mama anatuchungulia dirishani akicheka. Ulisema, "Mtu akipasuliwa amekaa, damu inateremkia miguuni, kichwa kinakosa. Bana kuanzia vidoleni mpaka pajani." Nikakwambia unanibana kama mzigo wa kuni. Ukajibu, "Ndivyo inavyotakiwa, nesi wangu." Nilikupenda siku ile, sikufichi.

Rovu la mama, ule uvimbe wa shingoni, lilikuwa limekua hata hawezi kulala chali, pumzi zinamkatika. Ndiyo maana daktari akaamua kumpasua akiwa amekaa kitini, shingo imechomwa ganzi. Mama aliogopa. Wewe dresa, msaidizi wa daktari, ndiwe uliyemtuliza: "Mama, mie ndiye nitakayepima presha yako. Ikishuka tu nasema, tunakilaza kiti kidogo, miguu tunainua, mpaka irudi." Kwa neno lako alikubali. Mie nikamfunga miguu kwa mikono yangu.

Mara mbili ulisema imeshuka. Mara mbili daktari akasimama, tukakilaza kiti, presha ikapanda, tukamkalisha tena. Mara ya pili akakufokea, eti unampotezea muda. Tangu hapo kila alipokuuliza ulijibu, "Sawa, bwana." Mie nimesimama miguuni, naona midomo ya mama imepauka. Nikakuuliza, "Sawa kweli?" Hukunitazama. "Sawa." Zebaki ya kipimo cha presha ilikuwa chini, niliiona kwa macho yangu, na kichwa cha mama kimeshainama. Tulipomlaza, hakuamka tena.

Woga ningekusamehe, wallahi. Nani hakumwogopa yule daktari? Lakini mie nikiwa bado nalia, wewe ukawahi kuzifungua zile bendeji. Daktari alipouliza kulikoni, ukaninyooshea kidole: "Nesi hakukaza, bwana. Zililegea." Loo! Ukaja na nyumbani, ukakaa na kaka zangu kwenye jamvi la msiba, ukawaambia hayo hayo huku unajifuta machozi. Kazi nikafukuzwa. Na kaka zangu wakanikataza hata kumwosha mama yangu mzazi. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Shangazi ndiye aliyemwosha. Aliona kitu, akanyamaza, maana mwosha maiti hasemi alichokiona. Siku zote hizo alikaa nacho moyoni, ananiona nakula peke yangu jikoni. Mwisho akaenda kumuuliza sheikh, akaambiwa kwamba la kumsafisha aliyedhulumiwa lisemwe. Jana kwenye arobaini akasimama mbele ya watu: "Miguu ya marehemu ilikuwa na mistari ya bendeji, vidoleni mpaka mapajani, imezama nyamani. Bendeji iliyolegea haiachi alama ile. Mtoto huyu mmemwonea."

Kaka mkubwa alilia, akaniomba radhi. Kisha akaniuliza huko Tabora unakaa mtaa gani. Moyo nao una upumbavu wake, ulitaka nikufiche. Lakini nikamwambia.

Barua hii sikuitia posta. Anakuletea kaka mwenyewe, kwa treni ya leo. Mfungulie mlango.

Kwaheri ya kuonana,
Binti wa marehemu