Viungo Visivyong'aa

Jumatatu, 3 Machi
Nimekagua bodi ishirini za taa kabla ya chai. Macho yanauma. Sekela nilimfundisha mimi kushika pasi ya kulehemu, alipokuwa hajui hata kuweka betri kwenye redio. Leo ndiye bosi wangu hapa karakana ya Ilomba, mimi mkaguzi. Tunatengeneza taa za sola za shule za chekechea. Mnunuzi wa Iringa hataki lehemu yenye madini ya risasi. Eti sumu. Mimi nimevuta moshi wake miaka arobaini na bado natania wajane. Huu waya mpya wa kulehemu, wa bati, mgumu kuyeyuka, na viungo vyake vimepauka kama macho ya samaki wa juzi. Nikamwambia Zawadi, anayelehemu meza ya pili, kazi yake ina sura ya mchungaji aliyechungulia kapu la sadaka akalikuta tupu. Akacheka mpaka akajiunguza kidole.

Jumanne, 4 Machi
Kiungo kisichong'aa ni kibovu. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha. Sekela anasema waya mpya haung'ai hata ukishika vizuri. Nitazame tu kama lehemu imezunguka mguu wa kifaa pande zote. Kanionyesha kwa lenzi. Nimeitikia. Sikuamini hata kidogo. Chuo kimemharibu.

Alhamisi, 6 Machi
Wenzangu walipokwenda kula nimetoa waya wangu wa zamani, wenye risasi. Nimeuyeyusha juu ya vile viungo vilivyopauka. Jana bodi kumi na tano, leo ishirini na tano. Sasa vinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nimerudi nyumbani najisifu peke yangu njia nzima.

Jumatano, 12 Machi
Mnunuzi kaja na vijiti vya pamba vyenye dawa ya kupima. Akasugua bodi moja, pamba ikawa nyekundu. Maana yake ina risasi. Akasugua nyingine. Nyekundu. Kakataa mzigo wote.
Bodi zilitoka meza ya pili, basi Sekela kamwita Zawadi mbele ya watu. "Waya wa risasi umeutoa wapi?"
Zawadi akatazama sakafu. Kaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Ana watoto wawili, hana mume.
Mimi nilikuwa nafuta miwani. Nimeifuta sana.

Ijumaa, 14 Machi
Mdomo wote huu, siku mbili umeshindwa kufunguka. Najichukia.
Mchana nimekwenda kwa Sekela. Nikaweka waya wangu mezani. Nikasema ni mimi. Nikaongeza eti nilitaka taa za watoto ziwe na sura nzuri. Hakucheka.
"Nilikuonyesha kwa lenzi, Mwalimu."
Kisha akasema nisije tena kuanzia Jumatatu. Polepole, kama anamwambia mgonjwa. Angenitukana ningepata la kujibu.

Jumapili, 23 Machi
Zawadi kaja baada ya misa. Karudishwa kazini. Kaleta maparachichi, kapiga goti, shikamoo. Nimemwomba msamaha, vibaya, huku natazama kuku.
Akasema aliniona siku ya kwanza kabisa, kupitia dirisha, nikiyeyusha waya wangu.
"Na Sekela alipokuuliza?"
"Sasa ningesemaje, Babu? Nimtaje mzee wangu mbele za watu?"
Nikamkatia parachichi, nikamwekea chumvi. Tumekula mpaka mvua ikaanza.