Uyoga Ukutani

Kisangani, tarehe 3 mwezi wa tatu 1999

Papa yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Wewe na Mama mko wazima? Goti la Mama linaivumilia baridi ya Butembo? Mimi niko salama. Mama Claudine, mpangaji wetu wa kile chumba cha nyuma, anawasalimu. Mume wake anavua vizuri kwenye maporomoko, kwa hiyo njaa hatuijui.

Tangu mlipokwenda kwenye kilio cha Shangazi mwaka jana, na vita ikawafungia huko, sikutaka kuwasumbua na mambo ya nyumba. Sasa yamenishinda. Ukuta wa salon, pale tunapopokea wageni, ule ulioshikana na bafu, umelowa kutoka sakafuni mpaka usawa wa kifua changu. Rangi inabanduka. Picha ya ndoa yenu nimeihamisha. Na jana asubuhi, Papa, nimekuta uyoga umeota nyuma ya kabati, mweupe, na kofia zake! Mama Claudine aliutazama, akaniuliza, "Tupike?"

Tonton Ruffin alipita Jumapili baada ya misa. Akagonga ukuta, akanusa kidole, akasema: "Hii nyumba iko inaoza. Mto iko napita chini yake. Siku itaanguka, utakuwa ndani." Anamjua mnunuzi wa almasi anayetaka nyumba za zamani za Wabelgiji. Anataka tumuuzie kabla ukuta haujazidi kuharibika.

Wewe umefanya kazi ya bomba miaka thelathini. Niambie ukweli: nyumba yetu inakufa, ao inaugua tu?

Mtoto wako,
Kaswera


Butembo, tarehe 19 mwezi wa tatu 1999

Mama yangu Kaswera,

Salamu kwako na kwa Mama Claudine. Sisi ni wazima, tunakula viazi na maharage. Goti la mama yako linalalamika, mwenyewe halalamiki. Anasoma hapa begani kwangu na anasema uyoga usiuguse.

Bon. Nyumba haiozi. Maji hayapandi ukuta bila kutumwa. Mtafute anayeyatuma.

Siku maji ya mji yanapokuja, funga robine zote za kuchotea maji, hata ile ya nje. Nenda kwenye kompteri, ile mita ya maji karibu na lango, tazama kisindano chekundu. Kikisimama, kosa ni la mvua, utazame mabati. Kikizunguka, bomba linavuja mahali. Hapo chukua turnevisi ndefu, ile ya kufungulia skrubu, kwenye sanduku langu. Ncha iweke sakafuni, mpini sikioni, usogee polepole kando ya ukuta. Bomba linalovuja linapumua. Utalisikia.

Ukilipata, funga vane kubwa ya pale kwenye kompteri, ile inayokata maji yote, KISHA uchimbe. Usianze kwa kuchimba, ninakujua. Ukikosa katani ya kuzibia, chambua nyuzi za gunia la kahawa, uzipake rangi ya mafuta, uzizungushe upande ule ule unaokazia.

Barua hii atakuletea Jacques, anaondoka kesho na baiskeli yake ya mizigo. Anasema ni wiki tatu, barabara ikimkubalia.

Papa yako,
Katembo


Butembo, tarehe 27 mwezi wa tatu 1999

Kaswera,

Salamu. Naandika haraka, ndege ya mizigo ya Mama Colette inapakia. Barua ya ndugu yangu Ruffin, tonton wako, imetufikia. Anasema ukuta umepasuka mpaka mkono unaingia. Mama yako hajalala tangu juzi.

Nyumba tutapata nyingine. Wewe, hatutapata mwingine. Mpe Ruffin barua hii: mimi, Katembo Liévin, nakubali auze. Toka humo leo, uende kulala kwake. Yale niliyompa Jacques uyasahau.

Papa yako


Kisangani, tarehe 25 mwezi wa nne 1999

Papa yangu mpendwa, na Mama,

Salamu nyingi mno. Kabla hujaniuliza: niko mzima, silali kwenye salon, na hakuna kilichoanguka. Sasa kaa kwenye kiti, Papa, maana nina dhambi ya kukuambia.

Barua yako ya ndege ilifika tarehe mosi. Niliisoma mara mbili, nikaiweka ndani ya Biblia. Tonton sikumpa. Nilijiambia: Papa amemjibu Tonton, mimi bado hajanijibu. Nilihamia kwa Mama Claudine, ili angalau nusu ya neno lako nilitii. Jumapili mbili Tonton alikuja: "Papa yako aliandika?" Nikamjibu, "Ametuma salamu." Nilishindwa kumtazama usoni. Ule ufa upo, lakini si wa kuingiza mkono.

Tarehe kumi na tano Jacques akafika, miguu imevimba, barua yako ameifunga ndani ya nailoni pamoja na karoti za Mama. Kesho yake maji ya mji yakaja. Nikafunga kila robine, nikapiga magoti mbele ya kompteri. Kisindano kinazunguka! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka kuuliza kama vita imekwisha.

Nikachukua turnevisi. Nilitambaa kando ya ukuta, sikio kwenye mpini, na Mama Claudine akizuia hata kuku wasilie. Karibu na mlango wa bafu nikalisikia. Ulisema kweli, Papa. Linapumua.

Nilifunga vane, nikavaa kombinezo yako ya kazi, nikaikunja miguu mara tatu. Mama Claudine alileta sururu. Watu wake, wavuvi wa maporomoko, wanasimika miti ya mitego katikati ya mwamba na maji yanayovuma, vigae vyetu havikumtisha. Siku ya pili tukaliona bomba, limeliwa na kutu, lina tundu kama punje ya maharage. Wala si bomba la maji ya kila siku. Ni lile linalotoka kwenye tanki ya kuchemshia maji ya yule Mbelgiji aliyejenga nyumba, ile iliyokufa zamani kule nyuma ya jikoni.

Nilitaka kuhakikisha kama tundu ni moja. Nikampigia Mama Claudine kelele kule langoni, "Fungua kidogo!" Wakati ule ule nikasikia hodi. Tonton Ruffin, na mnunuzi wa almasi, na mnunuzi amevaa viatu vyeupe.

Mama Claudine hajui kidogo. Alifungua yote. Maji yaliruka kutoka shimoni, yakavuka salon, yakamfika yule bwana kuanzia viatu mpaka tai. Alitoka bila kuaga.

"Kaswera!" Tonton akalia. "Unaharibu bei!"

Nilikuwa shimoni, matope mpaka kiunoni. Nikaona siwezi kuendelea kudanganya katika hali ile. Vane ilipofungwa nikapanda, nikanawa mikono, nikamtolea barua yako. Aliisoma yote.

"Papa yako alikubali. Na weye ukanificha?"

"Ndiyo, Tonton. Lakini alikubali kwa sababu wewe uliandika mkono unaingia kwenye ufa."

Alikwenda kwenye ufa, akajaribu kuingiza mkono. Vidole viwili tu viliingia, na pete ikakwama. Alisimama pale anaivuta, na mabega yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka. "Niliogopa," akasema. "Nilikuwa naota kila siku ukuta inakuangukia. Ningeandika hata mikono mbili." Halafu akavua shati lake la misa, akaingia shimoni. "Kle kubwa ya kukazia bomba iko wapi?"

Yeye alishika, mimi nikakaza. Tulilikata lile bomba lisipokee maji tena, tukaliziba mwanzoni kabisa, kwa nyuzi za gunia na rangi ya kijani. Kisha tukafungua vane, tukakaa watatu langoni kutazama kisindano kisichotembea, kama watu wanaotazama mpira. Mama Claudine alileta lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, tukala palepale.

Sasa ukuta unakauka. Tonton anakuja kila jioni kuchora mstari wa chaki pale unyevu umefika, na kila jioni mstari unashuka. Masista wa parokia wamekwisha kuniita kwa robine zao mbili.

Papa, umekasirika?

Mtoto wako,
Kaswera


Butembo, tarehe 10 mwezi wa tano 1999

Mama yangu Kaswera,

Salamu kutoka kwetu wote wawili. Nilikasirika. Nilisimama, nikaitupa barua mezani, nikatoka nje. Mama yako akaiokota, akaendelea kusoma kwa sauti kubwa makusudi ili nisikie. Alipofika kwenye tai ya yule bwana nilikuwa nimerudi mlangoni. Alipofika kwenye pete ya Ruffin nilikuwa nimekaa.

Usiifiche tena barua yangu. Hayo yamekwisha.

Sasa dhambi yangu. Bomba lile ilinipasa kulikata mwaka ule ule tuliponunua nyumba. Nililijua limekufa. Lakini mama yako alikuwa amesema siku ya kwanza, mbele ya lile bafu kubwa, "Siku moja nitaoga humu maji ya moto." Nikaliacha, nikisema nitatengeneza tanki mwaka ujao. Miaka ishirini na moja nimesema mwaka ujao. Yeye anacheka, anasema goti lake limechoka kungoja.

Barua yako nimewasomea mafundi wote wa soko. Mmoja aliuliza kama umeolewa. Nikamwambia ajifunze kwanza kusikiliza bomba.

Sikia vizuri: Mama Colette ametupa nafasi mbili kwenye ndege, katikati ya magunia ya maharage, tarehe 29. Tunakuja nyumbani!

Nina ombi moja. Mtu amekuwa fundi miaka thelathini, anarudi kwake anakuta binti amemaliza kila kitu, atakaa mikono mapajani? Niachie robine moja inayovuja.

Papa yako,
Katembo


Kisangani, tarehe 20 mwezi wa tano 1999

Papa, Mama,

Salamu, na tena salamu! Nimeisoma barua yenu nikikimbia. Tonton amekodi toleka tatu, baiskeli mbili zenu na moja ya mizigo. Mama Claudine anafuga samaki mkubwa kwenye pipa, anasema ni wa tarehe 29, mtu asimguse.

Papa, kuhusu ombi lako. Nimezunguka nyumba nzima na turnevisi sikioni, chumba kwa chumba. Hakuna robine inayovuja. Hata moja.

Basi leo nimelegeza ile ya jikoni. Inadondosha tone moja moja. Lakini fanyeni haraka, nikipita pale mkono unaniwasha kuikaza.

Mtoto wenu,
Kaswera