Makofi ya Mama Mkwe

Janeth, pokea simu!

Si unajua mama mkwe anachomwa sindano za jentamaisini, ile dawa ya kuua bakteria? Leo nimemsalimia kwa makofi, Kifipa kabisa, nikiwa nyuma yake. Kimya! Nikajua kaninunia tena.

Nikamlalamikia shemeji Vicent, yule wa maabara ya chuo. Akaacha kula. "Hakugeuka kabisa?"

Eti simbilisi wao wa majaribio wakichomwa sana dawa hiyo, sikio la ndani linakufa. Wanawapima kwa kupiga makofi! Asiyetikisa sikio ndiyo basi tena, halirudi.

MAKOFI, Janeth!

Nimerudi kwa mama mkwe, nimepiga mpaka viganja vinauma. Hajageuka.

Vicent kakimbia kumzuia nesi na sindano ya leo.

Mama ndiyo kaniona nalia. Ananiuliza mbona siku hizi simsalimii.