Koti la Karatasi Lililochomwa Nyuma ya Ukumbi

KITUO KIDOGO CHA POLISI, MTAA WA CHIBWE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Prisca Kasonde Katongo
Umri: Miaka 57
Kazi: Mshonaji wa sare za shule
Makazi: Mtaa wa Chibwe, Kapiri Mposhi, Zambia
Tarehe: Jumapili, 6 Aprili 2025, asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Namfahamu Bi. Shen Yulan, ambaye yuko mahabusu hapa tangu jana jioni kwa tuhuma za uchawi. Namfahamu pia mlalamikaji, Bwana Lackson Katongo. Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, Fidelis, aliyekuwa mkaguzi wa mabehewa relini. Fidelis alifariki mwezi Februari mwaka huu.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, katika ukumbi wa mtaa wetu, kuna mazungumzo ya wazi kuhusu China, pamoja na maonyesho ya picha na vitu. Mwandaaji ni Bi. Shen, mwenye duka la vitambaa. Amekaa hapa miaka mingi, na Kibemba chake ni cha sokoni lakini kinaeleweka. Aliyekuwa akihudhuria ni mume wangu. Akirudi alinisimulia huku akivua viatu. Mara ya mwisho alikuwa ananieleza mambo ya uchumi, jinsi kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga kilivyogeuka mji wa viwanda. Alisinzia kabla hajamaliza. Baada ya msiba nilianza kwenda mwenyewe, maana nilitaka kujua kijiji kile kiliishia wapi.

Mwezi Machi mada ilikuwa siasa. Mhadhiri kutoka Lusaka alipoeleza habari za chama kimoja, Mzee Mofya alisimama akasema, "Hicho tulikuwa nacho hapa, bwana. Harufu yake tunaijua." Mama mmoja akauliza, "Na mwenyekiti wa kijiji akishindwa kura, anatoka ofisini au anajifungia ndani?" Mhadhiri alijibu kwamba inategemea kijiji. Watu walicheka sana.

Jana, tarehe 5 Aprili, mada ilikuwa utamaduni, yaani jinsi wanavyowakumbuka marehemu wao. Mezani kulikuwa na vitu vya karatasi: viatu, birika, simu, nyumba ndogo yenye ngazi, na koti la kiume. Bi. Shen alieleza kuwa majira haya kwao watu husafisha makaburi, na vitu kama hivi huchomwa ili marehemu avipate huko aliko.

Bwana Chola, fundi simu, akauliza, "Hiyo simu mnaichoma na chaja yake?"

"Wengine huchoma na chaja," alijibu Bi. Shen.

"Na mtandao huko unashika?"

"Mpaka leo hakuna aliyenipigia kulalamika."

Mimi niliuliza mzigo unamjuaje mwenyewe. Alisema lazima jina liitwe kwa sauti, na mahali alipozikwa, kama unavyotuma mzigo kwa basi. Usipotaja, anauchukua mwingine.

Watu walipotoka, nilibaki nikilitazama lile koti. Lilikuwa na bitana, hata mfuko wa ndani. Bi. Shen alisogea, akaniita kwa jina la mwanangu, kama wanavyoniita mtaani.

"Mama Mutale, umelikazia macho."

"Naangalia ulivyopachika mikono."

"Muongo wewe."

Ndipo nilipomwambia. Baada ya msiba, nguo za mume wangu ziligawiwa ndugu, kama ilivyo desturi yetu. Koti lake zito, la zamu ya alfajiri, lilimwangukia Lackson. Ni haki yake, sina neno. Ila asubuhi kukiwa na baridi, huwa nawaza.

Bi. Shen alisema, "Basi mtumie hili. Nimelitengeneza mwenyewe, si mali ya mtu."

Nilimwambia mimi ni Mkatoliki. Alisema, "Sali sala zako palepale. Hazitagombana." Nilikubali. Nilitaka pia kuona inakuwaje.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Tulitumia ndoo ya bati nyuma ya ukumbi, karibu na uzio. Nilisali Baba Yetu. Ulipofika wakati wa kuita jina, sauti ilinikataa. Nilijaribu mara mbili. Koti lilikuwa limeshashika moto kwenye kola, hivyo Bi. Shen aliita kwa niaba yangu: "Fidelis Katongo! Makaburi ya Chibwe, upande wa reli! Pokea koti lako!"

Lackson alikuwa anapita nje ya uzio. Alipiga kelele, "Wewe! Unamwita kaka yangu kwenye moto?" Akaingia, akaipiga ndoo teke. Watu wakajaa. Aliponiona alisema, "Shemeji, na wewe umo?" Nikamjibu, "Nimo." Wengine walianza kuita mchawi, mchawi. Polisi walipokuja walimchukua Bi. Shen. Niliwaambia koti lilikuwa langu, nikaambiwa nikapumzike.

Hakunilazimisha. Hakunipa dawa wala hakuniomba kitu. Jina nilimpa mimi. Kama kuliita ni kosa, mwenye kosa ni aliyepaswa kuliita, nami niko hapa. Nimesikia anaweza kufungwa na ukumbi ukapigwa kufuli. Naomba aachiwe.

Sajini ameniuliza kama naamini koti lilifika. Nimemjibu kuwa sijui. Leo alfajiri kulikuwa na baridi, nami sikuwaza.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda mwenyewe. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: P. K. Katongo

MAELEZO YA OFISA: Nimeyaandika mimi, Sajini Mulenga Chisha. Mlalamikaji amesomewa maelezo haya mbele yangu. Baada ya hapo ameondoa lalamiko lake. Bi. Shen ameachiwa. Kabla hajatoka, mlalamikaji amemuuliza kama mzigo unaweza kumfikia baba yao, aliyefia mgodini na mwili wake haukupatikana. Bi. Shen amejibu kuwa itajwe sehemu alipoonekana mara ya mwisho. Mlalamikaji ameitaja.